Barua Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Pale Lizaboni, mtaani kwetu Songea, watu wengi walimwita Mzee wa Vitabu, na kila mara aliwasahihisha. "Mkutubi," alisema. "Mzee wa vitabu ni yule anayevitandaza chini mnadani." Mimi nilimwita Baba Mkubwa, ingawa hatukuwa na damu moja, kwa sababu alikuwa rafiki wa baba yangu tangu sijazaliwa na alimzidi umri kidogo. Hapa nitamwita Mkutubi. Lile jina jingine limenishinda kulitamka tangu siku ile ya ofisi ya kata, na siwezi kuliandika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alikuwa ametunza maktaba ya chuo kimoja kwa miaka mingi. Alipostaafu, chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho mwingine angekipangisha kwa duka la vipodozi au wakala wa simu, akakigeuza kuwa chumba cha kuazimia vitabu. Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Ndiye aliyemjengea rafu, na ndiye aliyemletea mifuko mitupu ya saruji. Mkutubi aliichana, akaikung'uta nje mpaka kichwa kikawa cheupe, kisha akatumia karatasi yake kufunikia majalada. Kwa hiyo vitabu vyote vya chumba kile vilikuwa na rangi moja, na vyote vilinuka saruji. Hukuweza kukijua kitabu kwa kukitazama. Ilibidi umuulize mwenyewe, naye alipenda kuulizwa.

Sehemu kubwa ilikuwa riwaya za upelelezi. Katika kila moja alikuwa amekata kwa wembe kurasa za mwisho, zile ambazo mpelelezi anawakusanya watu sebuleni na kumtaja muuaji. Kurasa hizo alizibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, akazifungia kwenye droo ya meza yake. Ukimaliza kitabu ulirudi kwake, ukakaa kwenye kigoda, ukamtajia muuaji na sababu zako. Ukipatia, alifungua droo. Ukikosea, alikwambia urudie kuanzia sura ya nne.

Kulikuwa na muuguzi mmoja, jirani yetu, mama mwenye hasira za karibu. Kitabu kimoja alikikosea mara tatu. Mara ya nne alikuja na sare zake za kazini, hata nyumbani hajafika.

"Mzee, natoka zamu, miguu imevimba. Nipe hizo karatasi nikapumzike."

"Nani kaua?"

"Wewe ndiye umeua. Umeniua mimi."

Mkutubi alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Lakini karatasi hakumpa. Alimpa kitabu kingine, na yule mama akakichukua.

Mimi nilipatia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kilikuwa kisa cha daktari aliyemwekea mkewe sumu kwenye uji. Nilisema ni daktari, kwa sababu aliwauliza polisi uji ulipikwa saa ngapi, na hakuna aliyekuwa amemtajia uji. Mkutubi alisimama, akazunguka meza, akanipa mkono kama watu wazima wanavyopeana. "Kuanzia leo wewe si mwazimaji," alisema. "Wewe ni mwenzangu." Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, mkono wangu nimeuweka mbali na gauni, kama mtu aliyepakwa hina.

Tangu hapo akawa ananifundisha. Alikuwa na nadharia moja tu, lakini aliizunguka miaka yote kama mtu anayezunguka shamba lake.

"Muuaji mjinga hukamatwa kwa kosa," alisema. "Kaacha kiatu, kaacha damu kwenye mlango. Huyo hana hadithi. Muuaji mwenye akili hakosei. Huyo huponzwa na ziada."

"Ziada gani, Baba Mkubwa?"

"Kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Watu wameshaamini. Polisi wamefunga jalada, marehemu kazikwa. Angenyamaza tu, basi. Lakini hawezi. Kazi yake ni nzuri mno na hakuna aliyeiona. Hebu fikiri, mwanangu. Umejenga nyumba nzuri kuliko zote Songea, halafu umekatazwa kumwonyesha mtu. Utavumilia siku ngapi?"

Alisema pia kwamba mpelelezi hodari hamkimbizi muuaji. Humfungulia mlango wa kutokea, kisha anakaa pembeni kumtazama. Mwenye hofu atapita hapo, na pengine ataokoka. Mwenye majivuno ataufunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kupita mlango uliofunguliwa na mtu mwingine ni kukiri kwamba huyo mwingine naye ana akili.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilijiona nimekua, nikampinga. Nilimwambia riwaya zinatudanganya. Wauaji wenye akili kweli hawajulikani hata kidogo. Wako mitaani, wanasalimiwa.

"Ni kweli," alisema. "Lakini hao hawana kitabu."

Alisema hivyo bila kucheka, akarudi kupanga kadi zake.

Mtu huyu aliyeishi na wauaji mchana kutwa hakuweza kuchinja kuku. Krismasi ilipofika alimwita baba yangu, akaingia ndani, akafunga mlango mpaka aambiwe kazi imekwisha. Msibani alilia kwa sauti, hata kwa marehemu ambaye hakumfahamu vizuri. Wakati huohuo alikuwa mkali kama wembe kwenye mambo madogo. Alitembea na penseli nyekundu mfukoni, na tangazo lenye makosa hakuliacha hivihivi. Mwenye bucha alikuwa ameandika "nyama ya ngombe". Mkutubi akamwekea kwa penseli kile kialama cha ng'ombe mbele za wateja. Mwenye bucha alinuna siku mbili, ya tatu akamwita amwandikie bango jipya.

Uongo hakutaka hata kuusikia. Jirani mmoja alimwomba amwandikie barua ya ruhusa kazini, aseme anaumwa, kumbe alitaka kwenda Mbinga kwenye harusi. Nilikuwepo. Mkutubi alimsukumia karatasi yake. "Kalamu yangu haijawahi kusema uongo," alimwambia. "Usiianzishe leo." Jirani aliondoka amefedheheka, na mimi niliona fahari kwamba mtu wa namna hiyo alikuwa wetu.

Alikuwa wetu hasa. Baba hakusoma. Barua zote za nyumbani kwetu ziliandikwa na Mkutubi. Yeye ndiye aliyeandika barua ya posa kwa akina mama yangu. Ndiye aliyeandika maombi ya kazi za ujenzi, malalamiko kwa wasiolipa, na barua nilizopokea nikiwa shule ya bweni. Baba alikaa upande mmoja wa meza akisema, yeye upande wa pili akiandika, na mwisho baba alivuta karatasi akaweka sahihi yake. Mkutubi ndiye aliyemfundisha sahihi hiyo walipokuwa vijana: herufi K, ya Kanisius, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, halafu mstari uliojikunja kama mnyoo. Mtaa mzima uliijua K ya baba. Ilikuwa kwenye ripoti zangu zote za shule.

Mama alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nilipoanza kufundisha shule ya msingi kule Lusewa, baba alibaki peke yake, na kilichonipa utulivu ni kujua kwamba jioni zake anazimalizia kwa Mkutubi, wakinywa chai na kubishana.

Baba alikuwa na shamba Mshangano, ekari mbili, mahindi na migomba kidogo. Kila nilipokuja likizo alinipeleka. Alikuwa ameshachoma tanuru moja la matofali. "Haya ni ya nyumba yako," aliniambia. "Hata ukistaafia hukohuko Lusewa, uwe na mahali pa kurudi." Alipima msingi kwa miguu, akachomeka vijiti vinne. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki.

Alikufa mwezi wa saba, kwenye ile baridi yetu inayokaza vifua. Mapafu yalikuwa yamechoka na saruji. Mkutubi ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu na kuusoma kanisani, na watu waliokuwa wamejikaza walilia aliposoma.

Siku ya arobaini, ndugu walipokaa kuzungumzia mambo ya marehemu, Mkutubi alisimama. Alisema kwa upole kwamba mwezi mmoja kabla ya kufariki, rafiki yake alimpa shamba la Mshangano, kwa shukrani ya urafiki wao, na kwamba barua anayo. Alisema hakupenda kulitaja siku kama ile, lakini kunyamaza kungekuwa kumvunjia marehemu heshima.

Baba mdogo alinitazama, nami nikatazama chini. "Kama mwenye mali alitaka hivyo," baba mdogo alisema, "sisi ni nani?"

Hakuna aliyeomba kuiona barua. Tungeombaje? Ni sawa na kumwomba padri akuonyeshe kwamba amebatizwa. Nilikwenda mwenyewe nikamshika Mkutubi mikono yote miwili, nikamshukuru kwa kumtunza baba.

Lakini njiani kurudi Lusewa nililia, na si kwa ajili ya shamba. Nililia kwa vile vijiti vinne. Baba alikuwa ameniambia neno, kisha akalitangua bila kuniambia. Nilijiuliza nilimkosea nini. Labda sikuja mara nyingi vya kutosha. Labda alinichoka. Miaka miwili niliishi na hilo, na mwisho nikaamua kumsamehe baba yangu. Nilimsamehe kosa ambalo hakulifanya.

Katika miaka hiyo miwili niliendelea kumtembelea Mkutubi. Alipanda miparachichi Mshangano, akaweka uzio, akaniletea mahindi mabichi ya hukohuko, nami nikamshukuru.

Halafu likizo moja ya Juni nilimrudishia kitabu. Kilikuwa kisa cha mfanyabiashara aliyemuua mbia wake, na kesi ikaisha bila yeye kushukiwa. Miaka inapita, kisha anamwalika mpelelezi chakula cha jioni na kuanza kumpa vidokezo. Nilimtaja muuaji vizuri, lakini nikasema sikuridhika. Mtu mwenye akili vile asingefanya upuuzi ule.

"Angefanya," Mkutubi alisema. "Mpelelezi yule ndiye mtu pekee mjini anayeweza kuelewa kazi aliyoifanya. Wengine wote ni kama kuimbia mawe."

Ilikuwa alasiri, jua linaingia kwa mlangoni, hakuna mwazimaji mwingine. Kisha akafungua droo, si ile ya kurasa, ya chini yake, akatoa bahasha.

"Hukuwahi kuomba kuiona barua ya baba yako."

"Sina haja, Baba Mkubwa."

"Najua huna haja. Ndiyo maana nataka uione."

Nilipokea. Ilikuwa barua nzuri. Mwandiko wa Mkutubi uliolala kidogo upande wa kulia, na maneno ya baba kabisa, hata ule mtindo wake wa kusema "basi ndiyo hivyo" kila anapomaliza jambo. Walikuwepo mashahidi wawili, wote nawafahamu, na wote walikuwa wameshakufa. Chini kabisa palikuwa na K yenye mguu mrefu, na mnyoo wake.

"Iangalie hiyo K," Mkutubi alisema. Alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Mkono ulikuwa unatetemeka, maskini. Lakini aliikamilisha."

Kuna jambo ambalo Mkutubi hakulijua. Desemba ya mwisho ya uhai wake, baba alinikalisha baada ya uji wa asubuhi, akanipa daftari jipya. Alitaka nimfundishe kuandika. Alisema K ile imemchosha, ni kama kutembea na mguu wa kuazima. "Ila mzee wa Lizaboni asijue," alisema. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu, "Asijue kwanza." Nilidhani anaona aibu. Likizo nzima tuliandika. Nilipoondoka alinipa ahadi ya ukurasa mmoja kila siku, na Pasaka nilipokuja alikuwa anaandika jina lake lote, herufi kubwakubwa zilizosimama kila moja peke yake, zimenyooka kama amezipima kwa pimamaji. Akaniambia, "Ile K nimeizika. Sitaiandika tena mpaka nakufa." Baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwenye neno.

Barua niliyoishika ilikuwa ya mwezi wa sita.

Niliikunja kwa mikunjo yake ileile nikamrudishia. Nikasema nawahi gari. Mkutubi alinitazama kwa namna ambayo sasa naielewa: alikuwa anasubiri niisifu. Nilitoka, nikatembea, na nilipotahamaki nilikuwa nimeipita njia ya nyumbani kwa baba mdogo na niko karibu na soko, watu wananisalimia na mimi siitikii.

Kesho yake nilikwenda Mshangano, ofisi ya mtaa, nikaomba kuona daftari la wakulima waliojiandikisha kupata mbolea mwaka ule aliofariki baba. Mtendaji alinifungulia. Jina la baba lilikuwepo, lote, kwa mkono wake, na tarehe ilikuwa ya wiki moja kabla ya ile ya barua.

Baba mdogo hakutaka tuendelee. "Mwache mzee wa watu," alisema. "Yule ndiye aliyetuandikia mpaka wasifu wa marehemu."

"Si shamba, baba mdogo. Nimemshuku baba miaka miwili."

Alinyanyuka akatafuta viatu vyake. "Basi twende," alisema.

Walituita ofisi ya kata, kwenye kikao cha usuluhishi. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, mpole, anayeandika taratibu. Mkutubi alikuja na koti lake la kanisani. Alinisalimu vizuri kabisa. Sikumwona na wasiwasi wowote. Nadhani alifikiri tumekuja kwa sababu ndugu wamenichochea, na kwamba yeye atalimaliza kwa dakika chache kisha anisamehe.

Mama mwenyekiti aliisoma barua kwa sauti. Kisha akamgeukia.

"Mzee wangu, marehemu alikuwa mgonjwa mwezi huo. Inawezekana sahihi hii alisaidiwa na mtu? Wakati mwingine mgonjwa anasema, na mwingine anamwekea alama. Hilo hutokea, na si kosa kubwa."

Kama angesema ndiyo, tusingekuwa na la kujibu. Daftari la mbolea lisingethibitisha lolote. Angesema aliishika kalamu yeye kwa huruma, rafiki yake akiwa kitandani, na kila mtu mle ndani angeitikia kwa kichwa.

Mkutubi alitabasamu, kama alivyozoea kumtabasamia mtu aliyemtaja muuaji asiye yeye.

"Hapana, mama. Alisaini mwenyewe, mezani kwangu, kwa kalamu yangu, mimi nikitazama. Hiyo K nilimfundisha mimi kabla wewe hujaanza shule. Mkono wa Kanisius naujua kuliko ninavyoujua wangu. Na kitu kingine cha kuandika zaidi ya hiyo K hakukijua mpaka anaingia kaburini. Hilo uliza mtu yeyote Lizaboni."

Mama mwenyekiti aliandika yote. Akamsomea, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Akasema ndivyo.

Ndipo mtendaji akaweka daftari la mbolea mezani. Mimi nikaweka lile daftari la baba, nikafungua kurasa za mwanzo, za jina lake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka K zilizopinda zikaanza kusimama.

Mkutubi alivaa miwani yake ya kusomea. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Nilifikiri atabisha. Alinyoosha kidole akaligusa jina, polepole, herufi moja moja, kama watoto wangu wa darasa la kwanza. Kisha akavua miwani, akaikunja, akasema kwa sauti ndogo, "Sikuambiwa."

Shamba lilirudi. Ndugu waliamua lisifike polisi, nami nilikubali. Watu walinipongeza. Muuguzi jirani aliniambia, "Umempata kwa elimu yake mwenyewe," akadhani ananifurahisha.

Sikufurahi. Nilipofika Lusewa nilitoa begi la barua za bweni. Kuna moja niliyoitunza kuliko zote, ya muhula ule mama alipofariki. Imeandikwa: "Ukilia, lia kidogo, kisha unawe uso ufungue daftari. Basi ndiyo hivyo." Nimewasomea maneno hayo wanafunzi waliofiwa. Nimejisomea mwenyewe. Sasa niliyatazama nisijue ni ya nani. Mtu aliyeweza kumtungia baba yangu maneno baada ya kufa, alishindwa nini kumtungia akiwa hai? Ardhi mtu hukurudishia. Lakini jambo hili halina baraza la kulipeleka.

Ilipita miaka mitatu bila kukanyaga mlangoni kwake. Nilijenga Mshangano, vyumba viwili, kwa matofali ya baba. Miparachichi niliiacha. Niliambiwa watu bado wanaazima vitabu, hata muuguzi. "Vitabu havikuandika barua," alisema. Ni yeye aliyenipigia simu mwaka jana kwamba mzee anaumwa macho na anataka kuniona.

Nilimkuta kibarazani kwake, amevaa sweta mbili, jua la saa nne likimpiga magotini. Alikuwa amekonda. Nilisema shikamoo kabla sijaamua kama nitaisema.

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Nilikaa. Hakuuliza habari za Lusewa.

"Nimefikiri sana wapi nilikosea," alisema. "Sikupaswa kukuonyesha ile barua. Ungekufa bila kuuliza. Hilo la kwanza. La pili, yule mama aliponifungulia mlango. Niliuona. Niliuona kabisa uko wazi."

"Mbona hukupita?"

"Mbele yako wewe?"

Alisema kama jambo linaloeleweka. Nilisubiri neno samahani. Nilikuwa nimesafiri nalo tangu alfajiri, nimeshaamua jinsi nitakavyolipokea. Halikuja. Alikuwa akiijadili barua ile kama tulivyojadili vitabu, sehemu ilipolegea, sehemu iliyokaa vizuri.

"Kwa nini lakini, Baba Mkubwa?" Jina lilinitoka.

Alifikiri. "Nilimwandikia posa. Nilimwandikia kazi zake. Nilimwandikia mpaka kaburi lake. Maisha ya Kanisius yote yamepita kwenye kalamu hii. Nilifikiri kipande kimoja ni changu."

"Ungemwomba. Angekupa."

"Mimi? Nimwombe yeye?"

Nikamuuliza kuhusu ile barua ya bweni. Nilimsomea maneno kwa kichwa. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Sikumbuki tena," alisema. "Yeye alikuwa akisema, mimi naandika. Mara nyingine nilianza sentensi, akaimaliza. Mara nyingine yeye alianza." Akafumbua macho. "Usinitazame hivyo. Hapo sikudanganyi."

Pengine hakunidanganya. Tatizo ndilo hilo, sina tena pa kupimia.

Kisha sauti yake ikabadilika. Ilitetemeka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue nje ya msiba. "Kilichoniuma mimi ni kimoja. Miaka arobaini nakaa naye meza moja. Anataka kujifunza kuandika, anakwenda kwa mtoto. Ananificha. Kwa nini alinificha? Nilimfanyia nini?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hakulilia alichonifanyia mimi wala alichomfanyia rafiki yake. Alijililia mwenyewe, kwamba amesalitiwa. Hasira ilinipanda. Nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nalo tangu wiki ile ya mazishi, nilipofungua daftari la baba mpaka mwisho. Pale ofisi ya kata nilifungua kurasa za jina tu, na ule wa mwisho nikaufunika kwa kiganja. Nilikuwa nimeapa hataupata.

"Kuna ukurasa sikuuonyesha kwenye kikao," nilisema. "Baba alikuwa anaandika barua. Ndiyo aliyokuwa anajifunzia. Alitaka ya kwanza iwe yako, ndiyo maana ulifichwa."

Mkutubi alinigeuzia uso.

"Anasemaje?"

"Anakusalimu. Anasema usimcheke mwandiko. Anakukaribisha Mshangano mkale mahindi mabichi."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hakuimaliza."

Bodaboda ilipita, vumbi likatua.

"Jina langu," alisema, "aliliandika sawasawa?"

"Hakuliandika. Aliandika 'Rafiki yangu'."

Alinyoosha mkono, kiganja juu, akauacha hivyo, kama mtu anayengoja kupewa karatasi. Sikuwa nayo. Ilikuwa Lusewa, kabatini, na hata ningekuwa nayo sijui kama ningempa. Nilimwambia gari halinisubiri. Nilipofika barabarani niligeuka mara moja. Mkono ulikuwa bado uko palepale.